Mashuka ya Dobi na Ndege wa Mama Mkwe

Jirani yangu ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo pale kona, yote meupe, na ndiyo kazi inayomlisha yeye na mama mkwe wake. Mume alishatangulia mbele ya haki. Mama mkwe miguu imemkatalia, kitanda chake kiko dirishani, na mtoto mwingine hana. Basi mmoja hawezi kutoka, na mwenzake hawezi kumwacha.

Mwanzoni adui alikuwa vumbi. Barabara inapita nyuma ya ua wake, na lori likipita tu, shuka lililotakata linarudi kuwa la udongo. Mama mkwe ndiye aliyetoa shauri. "Panda ule mti wetu wa asili, mwanangu, usiopukutisha majani. Ule unakua kama umbea."

Akaotesha mbegu kwenye pakiti za maziwa. Miche ya kwanza ilikauka, kwa sababu aliimwagilia maji ya sabuni. Anayo mengi, akaona hasara kuyamwaga bure. Ya pili akaipa maji ya kusuuzia, yale ya mwisho, akaitandazia majani makavu shinani. Hiyo ikakua kweli. Mvua za mwaka wa pili zilipokoma ilikuwa imelipita dirisha, imebanana kama watu kwenye foleni ya maji. Vumbi likakoma, tukamshukuru Mungu.

Kisha akafanya kosa ambalo dobi tu angelifanya. Nguzo za kuanikia zilikuwa zimeoza, na miti ile imesimama wima mbele yake. Nguzo za nini tena? Akazungusha waya kwenye mashina, mti hadi mti. Miti ikanenepa, gome likaumeza waya, na kwa kuwa ua wenyewe ni mwembamba, mashuka yakawa hayana pa kwenda ila hapo hapo chini ya matawi.

Na matawi yakazaa vitunda vyeusi. Ndege wakaja, wakajenga, wakazaana. Mama mkwe, aliyekuwa hajacheka tangu mwanawe azikwe, akaanza kunisimulia habari zao kila nikiingia kumjulia hali. "Yule mwenye kifua chekundu namwita Karani. Kazini anachelewa kila siku, lakini kula hachelewi."

Lakini anayekula lazima ashushe. Madoa ya zambarau yakaanza kudondoka kwenye mashuka, na doa la kitunda hicho halisikii jua, sabuni wala bluu ya kufulia.

Meneja wa nyumba ya wageni akaja mwenyewe, shuka mkononi. "Mama, mgeni wangu ameniuliza kama hii ni ramani."

"Nisamehe, baba."

"Nimeshasamehe sana. Likija doa lingine, kazi yote naipeleka kwenye mashine za mjini."

Dobi alinieleza tukiwa bombani. "Shoga, nikikata, vumbi. Nikiacha, ndege. Fisi angalau alikuwa na njia mbili. Mimi hata moja siioni."

"Umemwomba Mungu?"

"Nimemwomba. Yeye hana haraka, meneja ndiye ana haraka."

 Ningempa pa kuanika uani kwangu, lakini kwangu ni wazi barabarani, vumbi ni lile lile.

Mwishowe akamwita fundi wa msumeno. Fundi akapapasa mashina, akatikisa kichwa. "Mama, miti yako imekula chuma. Msumeno ukiuma hapa meno yote yanabaki humu, nami sijui daktari wa meno ya msumeno anakaa wapi. Nitakata juu ya waya."

"Kata, baba."

Mama mkwe akaita kutoka dirishani, "Kata tu, mwanangu, mimi nimeshawaona vya kutosha." Nilikuwa nimekaa naye. Alisema hivyo uso akiwa ameugeuzia ukutani.

Mti wa kwanza ukaanguka na kiota chake. Makinda wakalia kidogo, kisha wakanyamaza. Fundi alipokuwa anausogelea wa pili, lori likapita, na vumbi likaingia kwenye lile pengo kama lilikuwa linasubiri kufunguliwa mlango. Likayakuta mashuka ya asubuhi ile. Dobi akayatazama, akamtazama fundi. "Basi, baba. Inatosha. Nenda salama."

Jioni alipiga misumari ndani, kwenye chumba cha mama mkwe, maana chake hakina dirisha. Akafunga kamba ukuta hadi ukuta, akaanika humo.

Meneja sasa anasifu weupe. Kazi haikuhama, na kwa hilo nasema alhamdu lillahi. Lakini ukiingia mle unainua shuka baada ya shuka kama mtu anayetafuta njia ndani ya ukungu, mpaka unagusa kitanda. Mama mkwe alinishika mkono. "Karibu, mwanangu. Nimekuwa bibi harusi uzeeni, nimepambwa pande zote."

Kisha akasikiliza kidogo. Nje walikuwa wanagombania vitunda.

"Mwanangu," akamwita dobi, "ni Karani na wenzake, au wamekuja wengine?"

Dobi alikuwa na vibanio mdomoni, hakuweza kujibu. Akainua pembe ya shuka lililoziba dirisha, akaishikilia mzee atazame. Maji yalimtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko, na kwenye beseni mashuka mengine yalikuwa yanamngoja.