Mtu Aliyeinamiwa Mara Mbili

Sokoni ambako mkewe huuza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, na dagaa wa kukaanga, wanawake walimwita Ok Chil-seop "Marehemu", na hawakumaanisha ubaya. Miaka thelathini yote kazi yake kwenye televisheni ilikuwa kufa. Alikufa kwa mshale, kwa upanga, kwa bakuli la sumu, akagongwa na lori, akafukiwa na mgodi. Mara nyingi alikata roho kabla ya tangazo la kwanza la biashara. Mteja akimkuta amejitwika kabichi humwambia, "Marehemu, jana umekufa vizuri, mpaka kijiko kikanidondoka," naye huinamisha kichwa akashukuru. Kwa mwigizaji wa daraja lake, hiyo ndiyo tuzo.

Alitoka Taebaek, kwenye makaa ya mawe, mtoto wa mchimbaji aliyekohoa mpaka akaisha. Alipofika Seoul akaangukia jumba la maigizo lililokuwa chini ya ardhi, chini ya duka la viatu. Alifagia, akabandika matangazo ukutani, akakata tiketi, na usiku akapanda jukwaani kuigiza wazee, maana uso wake ulizeeka kabla ya mwenyewe. Ndipo siku moja akaja Do Gi-hyeok, kijana mzuri wa sura kama aliyechorwa, lakini hana hata blanketi. Chil-seop akamkaribisha kwenye chumba chake cha juu ya paa. Walichemsha tambi sufuria moja, yai moja, na yai lilikuwa la Gi-hyeok kwa kuwa ndiye mdogo.

Akamfundisha na kazi. "Usilie," alikuwa akimwambia. "Mtu akitaka kulia huzuia. Wewe zuia, koo likukabe. Watakaolia ni wale waliolipa kiingilio."

Kisha mwongozaji mmoja wa sinema akamwita Chil-seop kwenye majaribio. Alitafutwa wa kuigiza mdogo wa jambazi. Chil-seop akasoma zile kurasa akiwa kwenye foleni, akaona huyu si yeye, huyu ni Gi-hyeok mtupu. Akatoka kwenye foleni, akamfuata, akamleta kwa mkono wake mwenyewe. Gi-hyeok akaichukua nafasi, na hakushuka tena chini ya ardhi. Alipata sinema, akapata matangazo ya kahawa, akapata gari lenye dereva. Lakini, tusimnyime haki yake, kila Mwaka Mpya wa kalenda ya kale alikuja na kasha la mapeasi, akapiga magoti sakafuni, akamwinamia Chil-seop kama mtu anavyomwinamia kaka yake. Geum-ja, mke wa Chil-seop, akampakulia supu ya keki za mchele, ambayo kwao anayeinywa siku hiyo huhesabiwa ameongeza mwaka, naye akasema, "Shemeji, supu yako ndiyo inayonihesabia umri."

Mwaka juzi ikaanza tamthilia ya kila jioni, ya familia yenye nyumba ya wageni. Gi-hyeok alikuwa mtoto mkubwa, jina lake ndilo la kwanza. Chil-seop akapewa kuwa baba. Mwandishi, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alimwambia kwa mdomo wake, kwa jina la heshima wanaloitwa waigizaji wazee, "Mwalimu, siku ya mwisho ya hadithi, wewe ndiye utakayefunga mlango wa ile nyumba." Chil-seop alirudi sokoni akitembea katikati ya njia.

"Safari hii sifi," akawaambia.

"Utakufa tu," akasema muuza tofu. "Umezoea."

"Sifi. Nafunga mlango."

"Haya, tutaona. Ukifa, nitakudai matanga."

Na watu wakampenda yule baba. Alikuwa mzee mkali anayeficha peremende mfukoni kwa ajili ya wajukuu, na hizo peremende hazikuwa kwenye maandishi, alizitoa mwenyewe. Kwenye treni vibibi walimpisha kiti na kumuuliza binti wa tatu ataolewa lini. Watu waliandika mtandaoni kwamba wao hutazama kwa ajili ya mzee tu, hao wengine wangeweza kwenda zao. Geum-ja alimsomea mumewe maneno hayo huku akisaga pilipili. Hakujua kwamba kuna mwingine naye anayasoma.

Ukafika Mwaka Mpya. Gi-hyeok akaja na mapeasi yake. Chil-seop akaketi kwenye mto, mkewe ubavuni. Gi-hyeok akapiga magoti, akainama paji likagusa mikono, akainuka. Halafu, badala ya kuketi, akaunganisha tena viganja mbele ya kipaji, akaanza kushuka mara ya pili.

Aliye hai huinamiwa mara moja. Mbili ni za maiti. Hilo hata mtoto wa chekechea hakosei.

"Wewe," Geum-ja akamkatiza, "unamzika mume wangu na supu yangu ingali jikoni?"

Gi-hyeok akasimama katikati, magoti yamekunjwa nusu, masikio yamewiva. "Shemeji, nisamehe. Usingizi tu. Tumerekodi wiki nzima."

Chil-seop akacheka mpaka akakohoa. "Mwacheni. Sokoni wananiita Marehemu, naye ameniletea heshima zake." Wakala, wakanywa, na Gi-hyeok akaondoka mapema, hakumaliza supu.

Mwezi haukupita, simu ikalia Chil-seop akiwa anamenya vitunguu saumu kibandani. Alikuwa dada wa idara ya vifaa.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Tunahitaji picha yako, ya uso, uwe unatabasamu kidogo. Ya kuweka fremu."

"Fremu ya nini? Ya sebuleni?"

"Mwalimu, hawajakwambia? Ni ile yenye utepe mweusi, ya msibani."

Mzee wa nyumba ya wageni alikuwa amekwenda kijijini kwao kusafisha makaburi na moyo ukasimama huko huko. Wanawe waliletewa habari kwa simu. Kwa hiyo hata kufa hawakumpa. Mtu aliyekufa kwa kila silaha nchini humo, kifo chake kikubwa kuliko vyote kikachezwa na simu ya mezani.

Chil-seop akaosha mikono, akampigia mwandishi. Hakumgombeza. Aliuliza tu kosa lake lilikuwa wapi, ili asilirudie kwingine.

"Kosa gani, mwalimu?" akasema yule mama. "Mimi nilikuwa nakutunza wewe. Gi-hyeok alinialika chakula cha jioni, akanieleza kuhusu magoti yako, kwamba usiku hulali kwa maumivu na unaona haya kuomba upumzike. Alisema mmezungumza kama ndugu. Alikuwa na machozi kabisa."

"Yalitoka?"

"Yapi?"

"Machozi. Yalitoka au aliyazuia?"

Mwandishi akafikiri. "Aliyazuia. Ndiyo maana nikamwamini."

"Ilikuwa lini?"

"Kabla ya Mwaka Mpya. Maandishi ya msiba nilimpa wiki ile ile, apate muda wa kujiandaa."

Chil-seop akakata simu, akaendelea kumenya. Alipomaliza kitunguu kimoja ndipo akamwambia mkewe, "Hakuwa na usingizi. Alikuwa na mazoezi."

Geum-ja alimwaga beseni zima la maji njiani, muuza tofu akaruka. "Mfadhili mbuzi," alisema. "Yai nilisikia habari zake miaka ishirini. Heri yai lile ungekula mwenyewe." Akataka kwenda kwa mwandishi siku hiyo hiyo na magoti mazima ya mumewe kama ushahidi. Lakini maandishi yalikwisha kugawiwa, nguo za msiba zimekodiwa, na binti wa tatu naye ilibidi aahirishe harusi. Mzee alikuwa amekwisha kufa.

Wakatafuta picha. Iliyofaa ilikuwa moja tu, ya zamani ya jumba la maigizo, Chil-seop anacheka, na begani mwake pana mkono wa kijana aliyesimama kando. Idara ya vifaa wakaufuta mkono kwa kompyuta. Walifanya kazi safi. Bega likabaki limeinama kidogo upande mmoja, kana kwamba bado limebeba kitu.

Siku ya kurekodi msiba hakuitwa, akaenda. Walimpa ile bahasha ya pesa wanayompa kila mwigizaji anayetundikiwa picha ya maiti, ya kumwondolea nuksi, akaipokea kwa mikono miwili, akasimama nyuma ya kamera. Gi-hyeok alikuwa na suti nyeusi na kitambaa cha mfiwa mkononi. Akatazama picha, koo likamkaba, akazuia. Akainama mara moja. Akainama mara mbili. Mwanamke wa vipodozi akalia, mshika taa akalia. Chil-seop alikagua kila kitu na hakuona kosa. Alikuwa amemfundisha vizuri.

Gi-hyeok alipogeuka akamwona. "Kaka," akasema, akamvuta pembeni. "Ni kazi tu. Unajua jina la kwanza linavyokula mtu. Nitakutafutia nyingine, kubwa zaidi."

"Magoti yananiuma," akasema Chil-seop, akaenda zake.

Sokoni muuza tofu hakudai matanga. Alimletea tofu ya moto akaiweka mezani bila neno, na tangu siku ile hakuna aliyemwita Marehemu.

Mwaka Mpya uliofuata Gi-hyeok akaja, na mapeasi makubwa kuliko ya miaka yote. Geum-ja hakutoka jikoni. Chil-seop alikuwa ameketi kwenye mto, kama kawaida. Gi-hyeok akaunganisha viganja, akaanza kukunja magoti.

"Usiiname," Chil-seop akasema.

"Kaka, ni Mwaka Mpya."

"Ya kwanza uliinama hapa, ukaongeza nusu. Mbele ya picha ukamaliza zote mbili. Mtu hazikwi mara tatu, mdogo wangu. Kula supu uende."

Gi-hyeok akangoja supu, amesimama. Jikoni kulisikika maji tu, yakimwagwa kwenye karo. Mwishowe akavaa viatu vyake, na Chil-seop akanyanyuka, kwa magoti yasiyomuuma hata kidogo, akaufunga mlango.