Picha Mbili Zilizokwenda Kibua

Nisameheni kwanza kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la tano, na mkono wangu huenda polepole. Mkikuta herufi imekosewa, someni tu mbele.

Harufu ya mafuta ya mgando hunirudisha kambi ya wakimbizi ya Mweso, hapa Kongo, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka tisa. Mdogo wangu wa kiume, Bahati, alikuwa na minne. Tulikuwa tumekimbia vita mlimani kwetu; baba alipotea njiani, na mama akafa kwa homa muda mfupi baada ya kufika. Mama Riziki, jirani yetu kambini, alitulaza pamoja na watoto wake saba chini ya hema lililovuja, wala hakutunung'unikia. Lakini chakula hakikutosha. Baba alikuwa na dada aliyeolewa Kibua, upande wa Walikale, kabla hatujazaliwa. Katekista alimwandikia shangazi huyo, naye akajibu kwamba atumiwe picha zetu atuone.

Siku hiyo Mama Riziki alitupaka mafuta hadi nyuso zikang'aa, akatupeleka sokoni kwa mpiga picha, aliyekuwa ametundika shuka la bluu kwenye ukuta wa mbao. "Musicheke," alituonya. "Mutoto wa heshima hachekake ku foto." Nilikaa wa kwanza. Jua lilinipiga machoni, nikakaza uso, nikafunga mdomo kama niko kanisani. Zamu ya Bahati ilipofika, akaanza kulia. "Unalia nini, kadogo? Foto haiumake!" mpiga picha alisema, lakini wapi. Nikazunguka nyuma ya mpiga picha, nikavuta masikio yangu, nikatafuna hewa kama mbuzi aliyeiba majani ya maharage. Bahati akacheka, machozi yakiwa bado shavuni, na papo hapo picha ikapigwa.

Mwendesha pikipiki mmoja alizipeleka. Tulingoja majuma mengi. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zetu katika kitenge kimoja, na kila jioni nilimfundisha Bahati namna ya kumwamkia shangazi. Barua ilipofika, katekista aliisoma mlangoni kwetu, sauti yake ikizidi kushuka: "Nina nafasi ya mtoto mmoja. Nileteeni huyu mdogo anayecheka, naona ana moyo mwema. Yule msichana ananitazama kama nimemkosea. Naogopa kumweka pamoja na watoto wangu."

"Huyu?" Mama Riziki alinishika bega. "Huyu iko mupole kupita kondoo! Papa, andika tena!" Katekista aliandika tena. Jibu halikuja, ilikuja pikipiki. Nilifungua kitenge, nikatoa nguo zangu. Bahati alipopandishwa aliniuliza, "Dada, wewe utapanda ya nyuma?" Nikamwambia ndiyo. Aliendelea kugeuka kutazama nyuma mpaka kona ikamficha.

Mwaka juzi shangazi alikuja Mweso kutibiwa. Nilimpelekea uji hospitalini, nikamwambia jina langu, kisha aibu ikanishika, nikacheka huku nimeziba mdomo kwa mkono kama kawaida yangu. Alinitazama muda mrefu. "Ni wewe njo wa ile foto?" Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, sikukujua." Sikuwa na hasira naye. Alikuwa na watoto wa kulinda, na hakuwa na kitu kingine cha kuamulia ila uso wangu. Nilimuuliza tu habari za Bahati. Akaniambia picha yangu wameibandika ukutani, na watoto wake walizoea kutishana nayo: nyamaza, dada mukali anakuona. Bahati alikuwa mdogo mno. Mimi halisi alinisahau, akabaki na yule wa ukutani.

Zamani picha ilisafiri siku nyingi kwenye matope. Sasa inafika kabla hujarudisha simu mfukoni, na ukiichukia unafuta na kupiga nyingine. Mwezi uliopita nilijipiga picha kumi, nikachagua moja ambayo nacheka kweli, meno yote nje, nikaituma kwa simu ya shangazi ili Bahati anione. Ana miaka kumi na mitano sasa. Alijibu kwa sauti, nayo ni sauti nzito ya mwanamume nisiyemfahamu: "Shangazi anasema nikusalimie. Lakini huyu anayecheka ni nani?"

Bado sijamjibu. Ninyi mnaosoma, kama mngekuwa mimi mngemwambia nini? Niandikieni, hata mistari miwili. Nitasoma polepole, lakini nitasoma.