Wimbo wa Baba Umeenda Grupu la Kanisa

Leo asubuhi nimeaibika mbele ya kanisa zima, na bado nashukuru.

Mnajua nilivyo mtu wa nyimbo za kantri. Majuzi nilitunga wangu, kuhusu baba, aliyezikwa kule nyumbani Nyahururu nikiwa hapa Toronto bila makaratasi ya kusafiri.

Leo nikaurekodi jikoni na gitaa ili nimtumie dadangu.

Nikautuma kwa grupu la kanisa.

Nilipogundua nimekosea, watu walikuwa wameshausikiliza. Na sauti yangu inakatika kabisa pale ninaposema sikutupa hata udongo kaburini.

Nilitamani kuhama mtaa huu wa Dixon.

Kisha akapiga simu Mama Achieng, yule muuguzi anayeimba kwaya.

“Baba Wambui, huo wimbo ni wako?”

“Ni wangu. Nisamehe, naufuta sasa hivi.”

“Usiufute. Mama yangu alizikwa nikiwa kazini huku, na sikuwahi kulia. Leo nimelia ndani ya gari.”

Ameniomba niuimbe Jumapili, anishikie sauti ya pili. Naogopa, lakini nimekubali. Asante, Mama Achieng.

Na wewe, kuna mtu wako hukumzika? Niandikie jina lake hapa chini. Nitayasoma yote kabla sijaimba.