Mstari wa jivu uani kwangu

Neema, hiyo shahada ya pili ya hisabati haikukufundisha adabu.

Wenzangu humu kwenye kundi, asubuhi mjukuu wangu huyu kachora mstari wa jivu uani. Akafuta theluthi ya katikati. Vipande vilivyobaki navyo akavifuta katikati, tena na tena, mpaka sikuona kitu.

“Bibi, ukifuta bila kukoma, urefu unaobaki ni sifuri. Ila nukta zilizobaki hazihesabiki.”

“Acha uongo. Hapo pana mchanga tu.”

Akacheka, akaenda chuo.

Sasa tetea wangu amefika hapo, kasimama. Vifaranga wake wako ng'ambo wanalia, mwewe anazunguka juu. Nimefagia, nimemwaga mtama. Havuki.

Nikainua mguu nivuke mimi. Nikaurudisha.

Neema, kama unanisikia ndani ya basi, shuka hapo kituo cha Buzuruga, rudi sasa hivi uchore vyote ulivyofuta; mstari unaoonekana angalau tunaweza kuuvuka.