Shangazi wa Kwenye Skrini

Tangu tamasha lianze, hakuna aliyemwona Mama Maiki amekaa. Wapo waliosema viti vya ukumbi ule vina siafu anaowajua yeye peke yake. Siku ya kwanza projekta ilipopata moto kupita kiasi na mwongozaji wa filamu akaanza kulia kama mfiwa, yeye alishafika na feni ya ofisini. Siku ya tatu mwongozaji mwingine alisinzia katikati ya filamu yake mwenyewe, akakoroma, na Mama Maiki akamtikisa bega: "Amka baba, wenzako wanatazama." Siku ya nne watu walijaa hadi ngazini kwa ajili ya filamu ya dakika tisa kuhusu vinyozi wawili wasiosalimiana, na waliokosa nafasi wakagoma kuondoka mpaka irudiwe. Ikarudiwa.

Mwaka mzima yeye ni mhudumu tu wa ukumbi huo wa manispaa. Anafagia, anapanga viti, anawaambia watu wa harusi kwamba muda wao umekwisha. Hakuna anayejali anaitwa nani. Lakini wiki ya tamasha, tamasha la watu wasio na mfadhili wa maana wala zulia jekundu, hukabidhiwa maiki. Filamu ikiisha, mwongozaji husimama mbele na maiki yake, watazamaji huuliza, na Mama Maiki ndiye anayekimbiza ile ya pili mstari hadi mstari. Ana jicho. Anamjua mwenye swali na anamjua anayetaka kuhutubia, na huyo wa hotuba humshikia maiki bila kuiachia. Akizidisha, maiki inaondoka.

Siku ya tano ndiyo iliyomnyima usingizi. Saa kumi jioni ilikuwa zamu ya filamu ya Sindano.

Sindano ni mtoto wa dada yake, na jina hilo lilitokana na wembamba wake. Dada alipofariki, mtoto alikuwa na miaka minne. Mama Maiki, wakati huo msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mchumba, akamchukua, maana ndugu wengine hawakuwapo. Mchumba alisema atasubiri. Alisubiri miezi miwili. Hakumlilia sana, alikuwa na mtoto wa kumsuka, kumpeleka shule na kumuuguza surua. Wakaishi wawili tu, chumba kimoja na kibaraza, mpaka Sindano alipofikisha miaka kumi na tisa akapata nafasi ya kusoma ng'ambo. Huko akakaa miaka kumi na mmoja. Simu zilianza kila Jumapili, zikawa za sikukuu, mwisho zikawa ujumbe mfupi: "Nipo salama, nawapenda." Hiyo "nawapenda" ilimkera. Anawapenda wangapi, na huku anaishi mtu mmoja?

Sasa alikuwa amerudi kwa siku tatu, na filamu mkononi. Alifikia hotelini na wageni wengine wa tamasha. Nyumbani alipita mara moja, akanywa chai mguu ndani mguu nje. Alipoulizwa filamu yake inahusu nini, alisema, "Inahusu mama." Basi. Mama yupi, hakusema, na aliyemlea hakuthubutu kuuliza. Hapo ndipo roho yake ilipopanda juu ikakataa kushuka. Sifa hakuzitaka. Alitaka kujua tu kama ile miaka kumi na mitano ilihesabika.

"Kaa basi," fundi mitambo alimwambia, akichungulia kwenye kidirisha cha chumba chake. "Leo filamu ya mwanao. Nimekuwekea kiti pale pembeni."

"Nitakaa."

"Ulisema hivyo jana."

"Na jana nilisimama vizuri tu. Wewe angalia mitambo yako isituchome."

Taa zikazimwa. Sindano alikuwa akisimulia kwa lugha ya huko aliko, na Kiswahili kikapita chini ya picha kwa maandishi meupe. Ikaja sura ya dada yake, marehemu, akicheka na kitambaa kichwani. Mama Maiki alishika ukuta. "Mama aliimba akifua," maandishi yakasema. Kweli kabisa, tena aliimba vibaya. Halafu ikaja picha yake yeye, msichana mwenye mashavu, amesimama kibarazani na mtoto kiunoni. Chini yake: "Mama alipofariki, nilichukuliwa na shangazi."

Akadhani amesoma vibaya. Akasubiri.

"Shangazi alinisuka kila Jumapili." "Shangazi hakuolewa."

Shangazi! Shangazi ni dada wa baba, na baba mwenyewe wa mtoto huyu alipotelea mbali kabla hajamwona hata jino. Wangeandika jirani angeumia kidogo, maana jirani ni jirani. Lakini huku ilikuwa ni kumng'oa ubavuni mwa dada yake na kumpachika kwa watu asiowajua. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Mashangazi wa hivi siku hizi wako wapi?" Mama Maiki akatoka kwenye korido. Akarudi. Akatoka tena. Huko koridoni alipanga maneno makali kweli, akayarudia mpaka yakakaa sawa mdomoni.

Taa zikawaka, makofi yakarindima. Mikono ikanyooshwa, wa kwanza akiwa mzee mmoja wa mstari wa nyuma. Mama Maiki alianza kumwendea, akafika katikati ya ukumbi, akasimama. Akainua maiki mdomoni mwake.

"Swali ni langu mimi," alisema. "Huyo shangazi ni nani?"

Sindano alicheka, akidhani ni utani. Kisha akauona uso.

"Ni wewe."

"Mimi ni dada wa mama yako. Nani kaandika shangazi?"

"Nimeandika mimi."

Fundi mitambo alitoa kichwa kizima nje ya kidirisha.

"Kule neno ni moja tu," Sindano alisema. "Shangazi, mama mdogo wa mtu, mke wa mjomba, wote wanaitwa hivyo hivyo. Nilipofika kwenye Kiswahili nikakwama. Nikiandika mama kwa wote wawili, watu watachanganyikiwa. Nikatafuta neno lako wewe, sikulipata kichwani. Nikafungua kamusi, ikanipa shangazi."

"Si hilo umelitaja sasa hivi! Mama mdogo! Miaka kumi na mitano kwangu, likupotee?"

"Nimelikumbuka sasa ulivyosema dada wa mama yako. Lakini lingenikaaje kichwani? Sijawahi kukuita hivyo hata siku moja. Wewe nilikuita Mama."

Yale maneno makali yalimtoroka yote. Alijaribu kutafuta siku hata moja, ya surua, ya ripoti za shule, ya kuagana uwanja wa ndege, ambayo mtoto yule alimwita vingine. Hakuipata. Akalia mbele za watu, bila kujificha, na maiki ikakipeleka kilio chake kila pembe ya ukumbi.

Mzee wa nyuma alikuwa bado ameinua mkono.

"Mama," Sindano akasema, "mpelekee maiki yule mzee."

Akampelekea.