Historia ya Marehemu Mdogo Wangu

Nilipomaliza chuo cha ualimu nikakosa ajira, nilirudi nyumbani Igowole, nikapata kazi kwenye steshenari moja jirani na stendi. Nilikuwa natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi na mikataba ya mashamba. Kukiwa hakuna mteja, naandika riwaya. Ilihusu msichana wa Dar es Salaam aliyependwa na mtoto wa waziri, na mimi Dar es Salaam nilikuwa nimefika mara moja tu, kwa siku nne. Nikaimaliza, nikaituma kwa mchapishaji. Baada ya miezi mingi nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba muswada hauendani na mahitaji yao kwa sasa. Niliisoma nimesimama, kisha nikageuka kumalizia fotokopi ya cheti cha kuzaliwa cha mteja aliyekuwa ananisubiri.

Huku kwetu hakuna mazishi bila historia ya marehemu. Husomwa mbele ya waombolezaji kabla ya jeneza kushushwa, na karibu zote zinafanana: alizaliwa, alibatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akaugua, ameacha mjane na watoto kadhaa. Familia ziliniletea zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari, mimi nachapa tu.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja aliyefiwa na mume, mzee aliyekuwa anapasua mbao. Nilipomaliza kuchapa aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Mwanangu, huyo anaweza kuwa mtu yeyote."

Nikamuuliza mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Alianza polepole. Alisema mumewe alikuwa anaupiga mti kwa kiganja mara tatu kabla ya kuukata, na katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kueleza kwa nini. Alisema hakuwa anakula mpaka mkewe arudi kutoka shambani, hata chakula kipoe. Alisema pia kwamba mumewe alimtesa sana mtoto wao wa kwanza, na kwamba mwaka wa mwisho alisafiri kumfuata huyo mtoto ili amwombe msamaha. Hilo la mwisho nilimuuliza kama niliandike. Akasema niandike, kwa sababu ndilo lililomgharimu.

Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa. Kwenye misiba ya kwetu, historia ikianza kusomwa, watu huwa wananong'ona habari za mbolea na mvua. Siku ile minong'ono iliisha katikati. Mwanamume mmoja mbele yangu alivua kofia aliyokuwa amesahau kuivua.

Tangu hapo watu wakaanza kuniletea siyo karatasi bali wafiwa wenyewe. Wanakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine, mimi nauliza, wao wanasema. Yule msichana wa Dar es Salaam nilimwacha bila hata kukusudia. Siku moja niligundua kwamba sijafungua lile faili tangu mavuno.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja wa kiume. Mama alishatangulia, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: baba, yeye na mimi. Alifeli kidato cha nne, akagombana na baba, ambaye ni mzee wa kanisa na hana maneno mengi, akaondoka kwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Kwa miaka minne sikumwona. Alikuwa ananitumia ujumbe wakati wa Krismasi, mfupi, wa kutakiana heri.

Mchana mmoja baba mdogo alinipigia simu dukani. Alisema duara limetitia, yaani shimo lao la kuchimbia, na mdogo wangu alikuwa ndani.

Tulikwenda kuuchukua mwili, baba mdogo na mimi. Baada ya Mbeya barabara ilipanda mlima kisha ikashuka upande wa Chunya, na ile baridi tuliyotoka nayo nyumbani ikabaki nyuma. Karatasi za mwili zingekuwa tayari kesho yake. Baba alipiga simu akasema, "Wewe ndiye mwandishi. Andaa historia."

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, nikafungua daftari. Nikaandika alizaliwa. Nikaandika alibatizwa, alipata kipaimara, alisoma shule ya msingi na sekondari. Mistari minne, nikakwama. Yule mpasua mbao, ambaye sikuwahi hata kumwona, nilimjua kuliko mtoto niliyembeba mgongoni.

Basi nikafanya nilichokuwa nawafanyia wateja. Nikaenda machimboni nikauliza. Mama lishe aliyekuwa anawapikia alinisimulia kwamba mdogo wangu hakuwa anashuka kabla ya kugusa nguzo za mdomo wa duara moja moja, na kwamba alikuwa anashuka huku anaimba nyimbo za kanisani kwa Kibena, lugha ya kwetu ambayo wenzake wote hawakuielewa. Wengi wao walikuwa Wasukuma, na walimcheka, lakini asipoimba walimuuliza kama anaumwa. Halafu huyo mama alininyooshea kidole upande wa vibanda. Alisema, "Mengine muulize mwenzake wa nyumbani, yuko kule."

Mwenyewe alikuwa dada wa umri wangu, amevaa kanga mbili, mgongoni amebeba mtoto wa kike wa kama miaka miwili. Sikuhitaji kuelezwa. Mtoto alikuwa na paji la uso la baba yangu, pana, lenye kibonde katikati.

Tulikaa juu ya mfuko wa mchanga. Hakulia mbele yangu. Aliniambia mdogo wangu alikuwa anapanga kuwaleta nyumbani akishapata kitu mkononi, na kila akipata kidogo anasema bado. "Alikuwa anasema baba yake hawezi kumkataa mtoto," alisema. "Mimi nilikuwa simwamini." Kisha akauliza kama wanaweza kuja kwenye mazishi. Nikamjibu kwamba nitamuuliza baba. Nimejilaumu mara nyingi kwa jibu hilo. Jioni nilirudi kwenye lile benchi la hospitali, nikaimalizia historia.

Tulipofika nyumbani na mwili, baba aliisoma historia akiwa amesimama uani, waombolezaji wamejaa. Alipofika mwisho akaniuliza kama nina hakika kuhusu huyo mtoto. Nikasema nimemwona kwa macho yangu. Akasema hakukuwa na ndoa, wala barua ya posa, na jambo la namna hiyo halitangazwi mbele ya usharika na familia ya mzee wa kanisa. Hakupandisha sauti. Alitoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akakata mstari mmoja, akanirudishia karatasi. "Soma iliyobaki," alisema.

Kesho yake makaburini kulikuwa na ukungu na manyunyu. Nilisoma kuhusu nguzo na nyimbo. Nilisoma mpaka nikafika pale palipokatwa, na maneno yangu bado yalionekana chini ya wino. Nikayasoma: ameacha mtoto mmoja wa kike, ambaye amelichukua paji la uso la babu yake.

Watu walimtazama baba. Yeye alikuwa anatazama jeneza.

Hakuniuliza kitu. Kwa miezi mitano tulisalimiana asubuhi, nikamwekea chakula, akala, basi. Mpaka leo sijui kwa hakika kwa nini niliusoma ule mstari. Nikiulizwa, nasema ni kwa ajili ya mtoto. Lakini najua pia kwamba nilipokuwa nauandika, kule kwenye benchi la hospitali, nilijua kwamba ni sentensi nzuri, na moyo ulinienda mbio kwa furaha mdogo wangu akiwa amelala nyuma ya ukuta. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Miongoni mwa waombolezaji alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu kutoka Iringa, mama mtu mzima, anayehariri kijitabu cha simulizi za watu wa kawaida. Alinitafuta baadaye akauliza kama ninazo nyingine. Nilimpa ya mpasua mbao, baada ya kumwomba ruhusa mjane wake. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuchapishwa kitabuni. Halafu akaomba ya mdogo wangu. Nikamwambia anipe muda.

Mwezi wa sita baada ya msiba baba alikuja dukani. Hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi. Alipanga foleni nyuma ya wateja wawili, na zamu yake ilipofika akaomba namba ya simu ya mama wa mtoto. Niliiandika kwa tarakimu kubwa kwa sababu hapendi kuvaa miwani. Walikuja baada ya wiki mbili, mama na mtoto, wakakaa mpaka mtoto akajua kusema kamwene, salamu ya kwetu, kila anapompita mtu njiani.

Walipoondoka niliandika simulizi yote, nikampelekea baba kabla ya kuituma Iringa. Safari hii alivaa miwani. Alisoma kurasa zote, akarudi kwenye ukurasa wa mazishi.

"Hapa umeandika nililia," alisema. "Sikulia."

"Nilikuona unafuta macho, baba."

"Yalikuwa manyunyu. Siku ile sikulia. Nililia siku nyingine, shambani, na wewe hukuwepo."

Nikamuuliza kama niandike hivyo. Aliweka vidole vyake juu ya karatasi.

"Hiyo ya kwanza ondoa, si kweli," alisema. "Hii ya pili ngoja kwanza. Nitakwambia."

Niliiondoa ya kwanza palepale mbele yake, na siku iliyofuata nikapanda gari kwenda Iringa. Ya pili nilingoja ruhusa yake miaka miwili. Amenipa wiki iliyopita, tukiwa tunachambua maharage, bila mimi kumkumbusha.