Aliyeruka Kilimani Si Mimi

Haya jamani, mlioko kibarazani ingieni ndani! Mvua hii ya Tukuyu haina adabu, ukisimama nje kidogo tu unaota magugu masikioni. Wakwe zangu, karibuni. Wajukuu, jazeni mkeka, na anayetafuna ndizi atafune polepole, nataka nisikike. Ndaga fijo kwa kuja, asanteni sana.

Mnanijua. Nikiona panya, nasema nimeona chui. Shule nilikaa miaka miwili, mwalimu akamwambia baba, huyu mtoto ana mdomo wa kutosha vijiji vitatu, mpeleke akachunge. Basi nikachunga ng'ombe, nikachunga na uongo, na katika vyote viwili ni uongo ndio ulionenepa.

Lakini leo sicheki sana. Mjukuu wangu Atupele huyu hapa, kompyuta iko mapajani. Leo hii anatuma maombi ng'ambo, akasome shahada ya pili ya uhandisi wa ndege. Si kuziendesha, mama mkwe, usitingishe kichwa. Kuziunda! Sasa chuo kinataka barua ya kujieleza: wewe mtoto wa kijijini hapa Nkunga, ni nini kilikufanya upende vitu vya angani? Barua ameshaiandika. Amesema haitumi mpaka mimi niseme mbele yenu, kwa mdomo wangu huu huu, habari ya kuruka kilimani. Na dada yangu Tusekile, yule pale mlangoni amenyoosha mguu, naye amekubali kukaa asikilize.

Mwanangu, kuna siku moja mpaka kesho nikiikumbuka uso unawaka.

Ilikuwa mwaka jana. Atupele alikuja kutoka Mbeya bila kupiga simu, na mkononi ana tepu ya fundi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mchumba wangu. Unakuja kunipima jeneza?"

Hakucheka. Akasema, "Babu, chuo kimejibu. Wamenipangia usaili Alhamisi, kwenye kompyuta. Wameipenda barua yangu, hasa ile habari yako. Wanataka niwaeleze lile bawa lilikuwaje."

Hapo moyo ukadondoka mpaka kwenye raba. Habari yenyewe nyote mnaijua, nimewalisha nayo tangu mnanyonya. Kwamba mimi, kijana wa miaka kumi na sita, nilikata mianzi mlimani Rungwe, nikafunga shuka la mama kwa kamba za mgomba, nikaruka kutoka kilima kile cha malisho, nikapaa juu ya mashamba ya chai. Siku nikishiba nilikuwa nafika Kiwira, wachimba makaa ya mawe wakinipungia kofia. Siku nikishiba sana nilikuwa nakata kona nasalimia watu wa Kyimo.

Kumbe mtoto aliyekuwa anasikiliza akiwa na miaka mitano aliamini. Wenzake wote walikuwa wanacheka, yeye alikuwa anahesabu! Akasoma hesabu kwa ajili ya bawa lile. Akasoma fizikia kwa ajili ya bawa lile. Akamaliza shahada ya mitambo. Halafu akawaandikia maprofesa wa watu kwamba yote yalianzia kwa babu yake aliyeruka.

Akakaa kwenye kigoda, daftari wazi.

"Shuka lilikuwa moja au mawili?"

"Moja," nikasema. Nikamwona anakunja uso, nikaongeza, "Andika matatu."

"Babu! Moja au matatu?"

"Moja, lakini kubwa. Mama alikuwa na kitanda kama uwanja wa mpira."

"Na wewe ulikuwa na kilo ngapi?"

"Mwepesi sana mimi. Upepo ukivuma nilikuwa nashikwa mkono."

Akaandika, akafuta, akaandika. Mimi nikajifanya nachokoza moto, na moto wenyewe ulishazimika. Baadaye akanyanyua macho.

"Babu, bawa hili halibebi hata kuku."

"Hewa ya zamani ilikuwa nzito, mama. Siku hizi mmeichosha."

Mwanangu, nilisema hivyo. Mzee mzima mwenye mvi, mtoto ananililia, mimi naisingizia hewa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimeshaituma, Babu. Nimeandika kwamba yote niliyoyasema ni kweli, nikaweka jina langu chini. Alhamisi wataniuliza. Niwaambie nini?"

Wakati ule ule Tusekile akaingia na kibuyu cha maziwa ya mgando, anachechemea kama kawaida yake. Akasikia hilo swali. Akaweka kibuyu chini, akanitazama, akatoka. Ningepigwa na mwiko ningeshukuru.

Nikaona njia ya mwongo ni fupi kweli, yangu imeishia jikoni. Nikamwambia Atupele, aliyeruka siyo mimi. Ni bibi yako Tusekile.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo palipo na aibu yangu.

Mianzi nilikata mimi, hiyo ni kweli. Shuka niliiba mimi, kweli tupu. Tulikuwa tumeona kindege kidogo kimepita kwenye ukungu karibu na mlima, nikasema kama chuma kinaelea, mianzi itashindwaje? Lakini nilipofika ukingoni na kuchungulia chini, nikarudi kinyumenyume kama mbuzi aliyeona mto. Tusekile alikuwa na miaka tisa, mdogo kama mbegu ya parachichi. Nikamfunga yeye. Nikamwambia ruka, akaruka.

Na aliruka kweli, jamani! Hatua kumi na mbili aliyakanyaga mawingu, nikiwa najionea kwa macho yangu. Halafu mwanzi mmoja ukakatika, akaangukia mtaroni, mguu ukavunjika chini ya goti.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dada yangu alilisikia la mkuu, mkuu mwenyewe nilikuwa mimi, na guu likavunjika vile vile.

Nikachoma mianzi. Baba alipouliza, nikasema ameanguka mparachichini, amepanda kuiba wakati nimemkataza. Tusekile nikamnong'oneza, ukinisema nitafukuzwa nyumbani. Akanyamaza. Mganga wa mifupa akamfunga mguu, ukapona umepinda. Alikuwa darasa la tatu, na shule ilikuwa mbali, kupanda na kushuka. Hakurudi tena. Mimi mwalimu alinifukuza kwa mdomo wangu. Yeye mdomo wangu ulimfukuza.

Na bado haikunitosha! Miaka ikapita, baba akafa, mama akafa, nikaona hadithi imekaa bure kama embe lililodondoka. Nikaivaa. Nikairuka mimi. Nikaisimulia misibani, harusini, kwenye foleni ya mbolea, na dada yangu amekaa pembeni na mguu wake, anasikia watu wakinipigia makofi.

Atupele aliposikia hayo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Babu, mimi nilikuwa najivunia wewe," akafunga daftari. Siku ile ile akawaandikia watu wa chuo: habari ya babu yangu kwenye barua siyo kweli kama nilivyoiandika, nimeijua leo, naomba radhi. Alhamisi wakamsaili. Hawakumuuliza habari ya bawa hata kidogo. Baada ya wiki kadhaa wakamjibu kwa heshima kwamba nafasi hawakumpa.

Hawakusema ni kwa sababu yangu. Atupele naye anasema waombaji walikuwa wengi. Lakini siku ile barua ilipokuja nilikwenda kwenye migomba, nikakata majani yasiyohitaji kukatwa, mpaka jirani akaniuliza, mzee, migomba imekukosea nini?

Mwaka huu ameomba upya, vyuo vingine. Kwenye barua mpya yumo bibi yake. Alikwenda kupima kilima kwa tepu, akapiga hesabu ya mtoto wa miaka tisa, shuka moja, upepo wa kupanda kutoka bondeni. Akaniambia inawezekana. "Kitaalamu, Babu, ile siyo kuruka. Ni kuanguka polepole." Nikamwambia basi mimi ndiyo nimeanguka polepole kuliko wote, miaka hamsini na zaidi ndiyo nagusa chini.

Lakini alipomuuliza bibi yake amsimulie mwenyewe ilivyokuwa, Tusekile alikataa. Alimjibu, "Hadithi aliichukua kaka yangu. Airudishe yeye, yote, mbele ya wale wale aliowadanganya." Ndiyo maana mmeitwa. Ndiyo maana mmepikiwa ndizi.

Mwanangu, shika haya. Uongo wa kuchekesha ni mtamu ukijua wanaocheka wanajua unadanganya. Lakini kuna mtoto mmoja kwenye mkeka haachi kuhesabu, na siku moja ataweka jina lake chini ya maneno yako. Ukichukua sifa ya mtu, mrudishie angali hai, tena uirudishe mbele za watu; usimpelekee jikoni kwa kunong'ona. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha mpaka nikataka kumnyima mjukuu uzazi wake. Na wewe unayeandika maombi ya chuo, ya kazi, hata ya uchumba, usijaze ya babu yako kabla hujamuuliza bibi yako.

Dada yangu Tusekile, nisamehe. Kuruka ni kwako, na ushujaa wa kuruka ni wako, mimi nilisimama ukingoni tu natetemeka.

Na wewe Atupele, inama nikuwekee mkono. Kyala, Mungu wetu, akufungulie mlango wa chuo. Akupe walimu wenye subira na chumba chenye joto. Ndege utakazounda zipae, na zaidi ya kupaa zitue salama na watu wote ndani. Barua yako iende imenyooka. Semeni amina.

"Amina!" wakaitikia wote, na Atupele akaweka kidole kwenye kompyuta.

"Wewe Atupele, subiri kwanza usitume!" Tusekile akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mimi sikuruka. Kaka alinisukuma!"